Nimezoea kupima maji Tanga: je, niombe nafasi ya utafiti wa gesi ya makaa ya mawe?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 27, naishi Ngamiani hapa Tanga. Nina shahada ya kwanza ya mikrobiolojia, na huu ni mwaka wa tatu nafanya kazi kwenye maabara ya kupima maji. Nimeona tangazo la chuo kikuu kimoja huko Montana, Marekani. Wanatafuta mwanafunzi wa uzamivu atakayechunguza vijidudu vinavyotengeneza gesi ndani ya matabaka ya makaa ya mawe. Mimi makaa ya mawe sijawahi hata kuyashika. Baba anasema hiyo ni kazi ya mgodini, haimfai mtoto wake. Rafiki yangu anasema dunia inayaacha makaa, mimi ndiyo kwanza nayafuata. Niombe au niache? Na nikiomba niandike nini, wakati sina ninalolijua?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Omba. Nimelitanguliza neno hilo kwa sababu matangazo ya namna hii yana tarehe ya mwisho, na nisingependa tarehe hiyo ikupite ukiwa bado unanisoma mimi. Lakini ile sentensi uliyomalizia, kwamba huna unalolijua, isionekane tena popote, si kwenye barua wala moyoni mwako. Mtu aliyepima salfeti, kloridi na alkalini ya maji kwa miaka mitatu anakijua kitu ambacho wengi watakaoshindana naye wamekisoma vitabuni tu. Nitafika huko.

Nianze na mzee, kwa kuwa radhi yake ni jambo kubwa. Mfikishie salamu zangu, umwambie kazi hii haiendi mgodini. Gesi inayotafutwa imo kwenye matabaka ya makaa ambayo hayajachimbwa, na mengine hayatachimbwa kamwe. Inafikiwa kwa kisima cha kutobolewa kwa mashine, ndugu wa visima virefu vya maji anavyovijua. Makaa yaliyo chini ya ardhi yana nyufa ndogondogo, na nyufa hizo zimejaa maji. Gesi imegandamana na kuta za vitundu vya makaa, inashikiliwa pale na uzito wa maji yaliyo juu yake. Pampu ikiyavuta maji, mkandamizo unalegea, gesi inabanduka na kupanda. Mtafiti yuko juu, penye hewa na mwanga, ana pampu, chupa na daftari, siku chache kwa msimu. Siku zilizobaki yuko maabara. La kumtahadharisha mzee ni baridi, maana kwenye nyanda za Montana mwezi Januari joto linaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi. Mtoto aliyekulia kwenye kaskazi na kusi aende amejiandaa.

Makaa yenyewe nayo hayako mbali nawe kama unavyodhani. Viwanda vyetu vya saruji huchomea klinka, yaani madonge yanayosagwa kuwa saruji, kwa makaa ya mawe, na cha Pongwe kiko mlangoni pako. Mtafute mtu anayefanya kazi huko akupatie kipande cha kukaa kiganjani. Kitazame juani huku ukikigeuza: utaona mistari mingine inang'aa kama kioo cheusi, mingine imefifia kama masizi, na ukiigusa hii ya masizi inakuachia alama vidoleni. Ile inayong'aa ilikuwa mbao na magome ya miti. Umeshika kinamasi kilichozikwa. Makaa yetu ya Ngaka, Mchuchuma na Kiwira ni ya enzi ya Karoo, mimea iliyofunikwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, Afrika ikiwa bado imeshikana na India na Antaktika. Yale ya bonde la Powder River, linalolala kati ya Wyoming na Montana, ni machanga kwa kulinganisha, yapata miaka milioni 60, na hayakupikwa sana na joto la ardhini. Ulaini huo ndio unaovipa vijidudu pa kuanzia.

Maana methani, ndiyo gesi yenyewe ya makaa, huzaliwa kwa njia mbili. Tabaka likizama sana na joto likipita nyuzi 100 hivi, makaa yanavunjika yenyewe na kutoa gesi bila msaada wa kiumbe chochote. Kwenye matabaka ya juu, yenye ubaridi na maji, kazi hiyo hufanywa na vijidudu. Tunazitofautisha gesi hizo kwa kaboni yake. Kaboni ina isotopi mbili zinazodumu, ya 12 na ya 13, na vijidudu huipendelea iliyo nyepesi kwa sababu ni rahisi kwao kuifanyia kazi. Kipimo ni upungufu wa kaboni 13 ukilinganishwa na kaboni ya rejea: gesi yao ikipimwa husoma mara nyingi chini ya −60 kwa elfu, wakati ile ya joto husoma kati ya −50 na −20. Sehemu kubwa ya gesi ya Powder River iko upande wa vijidudu, na ya bonde la Surat kule Queensland, Australia, vilevile. Kwa hiyo si ajabu tangazo lako limetoka Montana. Pale Bozeman, katika Montana State University, kuna kituo cha kuchunguza utando wa bakteria kilichoanzishwa mwaka 1990, na utando ndiyo makazi ya vijidudu hivi, maana vingi haviogelei majini bali hujibandika kwenye uso wa kaa na kujijengea nyumba ya ute.

Sasa twende shambani, kwa kuwa mtu wa Tanga mfano huu anao nyumbani. Kwenye mkonge kuna mkata majani, kuna watu wa korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, kuna waanikaji, kuna wa brashi, na mwisho kabisa yupo mfunga marobota. Mpita njia akiliona robota limekaa vizuri ghalani anadhani kazi yote ni ya yule aliyelifunga. Makosa hayohayo watu huyafanya kwenye gesi ya makaa. Wanaoitoa methani hatua ya mwisho ni arkea, viumbe ambavyo Carl Woese na George Fox mwaka 1977 walionyesha kwamba si bakteria kabisa, ni ukoo mwingine. Hao arkea hawawezi kuling'ata kaa. Chakula chao ni vitu vidogo mno: hidrojeni na hewa ya ukaa, au asetati inayotokana na asidi ya siki, au methanoli na jamaa zake. Kabla yao lazima wawepo bakteria wa kubandua vipande kutoka kwenye kaa, wengine wa kuvichachusha vipande hivyo viwe asidi na pombe, na wengine tena wa kuzigeuza asidi hizo kuwa asetati na hidrojeni. Na foleni hii inabana kutoka nyuma pia. Hidrojeni ikirundikana, wachachushaji wanakwama, kama vile korona inavyosimama pale ghala linapojaa marobota yasiyoondolewa.

Ukiulizwa kwenye usaili tatizo la fani hii liko wapi, jibu liko kwa mkata majani. Arkea wapo tele na wana njaa. Kinachochelewesha ni ile hatua ya kwanza ya kulivunja kaa, kwa sababu kaa limejengwa kwa pete za kaboni zilizofungamana, mabaki ya lignini inayoipa mbao ugumu, kitu ambacho hata kuvu wa mbao hupata shida nacho wakiwa na oksijeni, sembuse bakteria asiyekuwa nayo. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walichapisha katika jarida la Science habari iliyotushangaza wengi. Walimkuta arkea aitwaye Methermicoccus shengliensis anayeweza peke yake kuchukua vikundi vya methoksi, vijipande vidogo vyenye kaboni moja vilivyoning'inia kwenye pete hizo, na kuvigeuza kuwa methani. Ni sawa na kumkuta mfunga marobota yuko shambani na panga. Wangapi kama yeye wamo kwenye makaa ya kila bonde, na wanachangia kiasi gani cha gesi? Hapo bado pana kazi ya uzamivu zaidi ya mmoja.

Nimetaja mkonge kwa sababu nyingine pia. Singa, yaani nyuzi za mkonge, ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, kilichobaki hutoka kwenye korona kikiwa maji na makapi. Pale Hale, wilaya ya Korogwe, mwaka 2008 ulizinduliwa mtambo wa bayogesi wa kutumia makapi hayo, unaotajwa kuwa wa kwanza duniani wa aina yake. Ndani ya matangi ya aina hiyo wamo wachachushaji na arkea wa koo zilezile utakazozikuta kwenye kisima cha Montana. Tofauti ni mwendo. Makapi ya mkonge hutoa gesi kwa siku na wiki, kaa hutoa kwa miezi, na ardhini kwa maelfu ya miaka. Uliza kwanza kama mtambo unafanya kazi, kisha nenda Hale kabla hujaandika barua. Omba kuzungushwa, uliza tangi linaharibika kwa sababu gani na hurudishwa vipi katika hali yake, na uyaandike majibu.

Nikwambie sasa kazi yenyewe ilivyo mikononi, maana matangazo hayaielezi. Vijidudu hivi hewa tunayovuta ni sumu kwao. Kwa hiyo kila kitu hufanyika bila oksijeni. Unachemsha maji yenye chumvichumvi wanazozihitaji huku unapitisha naitrojeni ndani yake kwa sindano ndefu. Umetia humo matone ya rangi iitwayo resazurini, na maji yana wekundu wa waridi. Unaongeza sisteini au salfaidi ya sodiamu ili imalize oksijeni iliyobaki, unasubiri. Wekundu unafifia taratibu kuanzia chini ya chupa, unapanda, mpaka maji yanakuwa meupe kabisa. Hapo ndipo oksijeni imekwisha. Unafunga kwa kizibo kizito cha mpira, unakibana kwa kofia ya alumini, unaua vijidudu vya nje kwa mvuke wa nyuzi 121. Kaa limesagwa ndani ya sanduku lililojaa naitrojeni, umeliingiza kwa glavu za mpira zilizofungwa ukutani mwa sanduku, na jasho linakutoka kwa sababu kila kitu humo ni kizito na kigumu kushika. Baadaye, kila wiki mbili, unachoma kizibo kwa sindano, unachota gesi ya nusu kijiko na kuipeleka kwenye mashine ya kromatografia, inayotenganisha gesi na kuzipima. Mwezi wa kwanza unaweza usione kitu. Wa pili pia. Wa tatu mstari unaanza kuinuka kwenye karatasi, na siku hiyo hulali.

Kama chupa ikirudi kuwa ya waridi, imeingiwa na hewa. Mimi nilipoteza chupa 48 kwa siku moja nikiwa mwanafunzi nje. Naitrojeni ya mitungi huwa na oksijeni kidogo, na tuliisafisha kwa kuipitisha kwenye bomba la shaba lililopashwa moto. Mwisho wa wiki mtu alizima tanuri la shaba, Jumatatu mimi sikulitazama, nikajaza chupa zote. Ilipofika jioni rafu nzima ilikuwa ya waridi, na sampuli ya kisima iliyobaki haikutosha kurudia. Kisima chenyewe kilikuwa mwendo wa saa sita kwa gari. Tangu siku hiyo sijafungua mtungi kabla ya kuweka kiganja karibu na tanuri kuhisi joto lake, na wanafunzi wangu wote wamelazimika kujifunza hivyo.

Kuna kosa la pili, baya zaidi kwa kuwa halina rangi ya kulionyesha. Watafiti wengi huwapa vijidudu chakula cha kuwaamsha, kama vile juisi ya hamira au ya mwani, na gesi huongezeka kweli. Swali ni kama gesi hiyo imetoka kwenye kaa au kwenye hamira. Ukiweka hamira bila kaa, utapata methani vilevile. Kwa hiyo kila jaribio linahitaji chupa zenye chakula bila kaa, zenye kaa bila chakula, na zenye kaa lenye vijidudu vilivyouawa kwa joto, maana kaa hutoa pia gesi ya zamani lililokuwa limeifumbata. Mtu ambaye hakuziweka chupa hizo amepima hamira yake. Ukisoma makala za msimamizi unayemwomba, angalia hilo kwanza. Na ukimwandikia, muulize juu ya hilo. Hakuna swali litakaloonyesha haraka zaidi kwamba umeielewa kazi.

Sasa nimefika kwenye salfeti yako. Umewahi kupita Tongoni maji yakiwa yametoka, ukachimba tope la mikoko kwa kisigino? Juu ni kahawia, chini yake tu ni jeusi tii, na harufu ya mayai viza inakupanda puani. Tope lile lina mabaki ya majani ya kutosha, halina oksijeni, lina arkea. Mbona basi halitoi methani kama kinamasi cha maji baridi? Kwa sababu maji ya bahari yana salfeti, karibu gramu 2.7 kwa lita, na wapo bakteria wanaoivuta salfeti kama sisi tunavyovuta oksijeni. Wao hupata nguvu zaidi kutokana na hidrojeni ileile na asetati ileile, kwa hiyo huishusha mpaka arkea hawakuti cha kula. Kinachotoka ni salfaidi ya hidrojeni, ile harufu. Arkea wachache hujiokoa kwa kula vitu ambavyo wale wengine hawavitamani, kama vile methilamini zinazotoka kwenye mabaki ya viumbe wa baharini, lakini kwa jumla mwenye salfeti ndiye anayetawala tope.

Kwenye visima vya makaa sheria ni hiyohiyo. Maji ya tabaka linalozaa gesi ya vijidudu huwa na salfeti kidogo sana au hayana kabisa, na bikaboneti nyingi, na sodiamu nyingi. Maji yakiwa na salfeti, gesi ya vijidudu huikuti, au ipo ya zamani tu. Mtafiti anapofika kisimani, kabla ya vinasaba na kabla ya isotopi, anataka kujua namba ya salfeti. Wewe umeipima namba hiyo kwenye mvua na kwenye kiangazi, unajua kifaa kinapodanganya, unajua sampuli iliyokaa juani inavyobadilika. Mwanafunzi mwenye alama nzuri za jenetiki ambaye hajawahi kuchukua sampuli ya maji atahitaji mwaka mzima kukufikia hapo. Liandike hilo wazi kwenye barua, bila kulipunguza.

Na sodiamu ile ndiyo iliyoleta magomvi na wafugaji na wakulima wa kule. Maji yanayovutwa kutoka visimani ni mengi, yakimwagwa kwenye udongo wa mfinyanzi sodiamu huubana mpaka maji hayapenyi tena. Visima vingi vilichimbwa haraka tangu miaka ya mwisho ya 1990, baadaye bei ya gesi ikaanguka, vingine vikaachwa. Zilikuwapo kampuni zilizojaribu kuviamsha visima vilivyochoka kwa kuvipa virutubisho, na moja iliyotangulia ikafilisika mwaka 2013. Nakwambia haya ili usiende ukidhani kwamba unaingia kwenye fani ambayo imekwisha kushinda. Ina maswali mazuri na historia yenye majeraha.

Hapo rafiki yako ana hoja, na ninaiheshimu. Gesi ya makaa, hata ikitengenezwa na vijidudu, kaboni yake ni ya zamani. Ukiichoma unaongeza hewa ya ukaa angani. Umeme wa gesi hutoa takriban nusu ya hewa ya ukaa ya umeme wa makaa, lakini methani ikivuja kabla ya kuchomwa, kwa miaka 100 kila kilo yake hupasha dunia joto karibu mara 28 ya kilo ya hewa ya ukaa. Uvujaji mdogo unakula faida yote. Mimi binafsi nisingempeleka mwanafunzi wangu kwenye mradi ambao lengo lake pekee ni kuvuna gesi zaidi. Ningempeleka bila kusita kwenye unaouliza gesi inazaliwa wapi, kwa kasi gani, visima vilivyoachwa vinavujisha kiasi gani, na ni vijidudu gani vinavyoila methani kabla haijatoka. Tangazo moja linaweza kubeba yote mawili. Muulize msimamizi, kwa adabu lakini kwa maneno yaliyonyooka, fedha za mradi zinatoka wapi na matokeo yatatumika kwa nini. Una haki ya kujua, na mtu mwema hatakasirika.

Ukimaliza utarudi na nini? Swali hilo hukuliuliza ila mzee ataliuliza. Ziwa Kivu, hatua chache magharibi yetu, limebeba takriban kilomita za ujazo 60 za methani iliyoyeyuka, na sehemu kubwa ilitengenezwa na arkea. Rwanda inaivuna ili kuzalisha umeme. Makapi ya mkonge yapo, madampo yapo, majitaka yapo, na makaa yetu ya Karoo kusini bado yana maswali mengi ya vijidudu yasiyojibiwa. Mikono inayojua kufanya kazi bila oksijeni ni michache sana nchini. Ningefurahi kuona imeongezeka miwili.

Mambo ya karatasi nitayapita upesi. Marekani hupokea watu kwenye uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, kwa hiyo kutokuwa na uzamili hakukufungii mlango. Hakikisha tangazo ni la mwanafunzi kweli, maana nafasi nyingine za utafiti ni za waliokwisha kupata uzamivu na utapoteza muda. Nafasi ya mtafiti msaidizi kwa kawaida hulipa ada na kukupa posho kwa kazi ya saa 20 hivi kwa wiki. Taka kwa maandishi: ada inalipwa yote? Bima ya afya? Fedha zipo kwa miaka mingapi? Ada ndogo ya maombi ni ya kawaida na mara nyingine husamehewa ukiomba. Lakini mtu yeyote anayetaka umlipe ili akupe nafasi ni mwizi, hata barua yake ikiwa na nembo. Wadhamini wako wawili wawe walimu waliokuona maabara, na wa tatu awe mkuu wako wa sasa.

Kabla ya kutuma maombi rasmi, mwandikie msimamizi barua fupi. Usianze na "tangu utotoni nilipenda sayansi". Anza hivi, kwa Kiingereza chako mwenyewe: "Napima maji katika mji wa pwani ya Tanzania. Kwa wiki sita nimefuatilia salfeti na gesi kwenye tope la mikoko na tope la maji baridi, na haya ndiyo niliyoyaona." Halafu mchoro mmoja. Halafu swali lako juu ya zile chupa zisizo na kaa. Basi.

Na jaribio hilo ulifanye kweli, kwa hiyo tazama tarehe ya tangazo leo. Muda ukiwa mfupi andika wiki mbili ulizonazo, useme ni mbili. Omba ruhusa ya mkuu wako wa maabara kwa maandishi. Chukua chupa sita za plastiki za lita moja na nusu: tatu za tope la mikoko na maji ya bahari, tatu za tope la kinamasi cha maji baridi, kila moja na kiasi kilekile cha makapi ya mkonge kilichopimwa kwa mizani. Kwenye kila kifuniko pitisha mpira mwembamba, uzibe vizuri, mwisho wake uingie ndani ya silinda ya kupimia iliyojaa maji na kupinduliwa ndani ya ndoo. Gesi itayasukuma maji, nawe utasoma mililita kila siku saa ileile. Mara kwa mara ipitishe gesi kwenye myeyusho wa sodiamu hidroksaidi, ukiwa na miwani na glavu; myeyusho huo utafyonza hewa ya ukaa na salfaidi. Kinachobaki sehemu kubwa ni methani. Kila wiki chota maji kidogo upime salfeti. Kwa kawaida chupa za maji baridi zitatangulia, na zile za bahari zitasubiri mpaka salfeti iishe. Ukiweka mistari miwili kwenye mchoro mmoja, salfeti ikishuka na gesi ikipanda, utakuwa umeionyesha kemia ya kisima cha makaa kwa tope la nyumbani. Usitumie chupa za kioo zilizofungwa, zitapasuka. Usiwashe moto karibu. Weka penye upepo, na usiiamini pua yako, kwa kuwa salfaidi ya hidrojeni ikizidi pua huacha kuisikia.

Tope la mikoko lifuate siku ya bamvua, kuelekea saa nne au saa tano asubuhi, maji yakiwa yametoka kabisa. Chota lile jeusi, kina cha kiganja kwenda chini, ujaze chombo mpaka mdomoni na ukifunge hapohapo, uandike saa. Nenda na mwenzako, na mtoke kabla maji hayajaanza kujaa.